Gia ya Pili, Asubuhi ya Januari

Gia ya pili, nakusikia.
Kabla ya daraja la Tuira,
kabla damu haijafika vidoleni ndani ya glavu,
nakanyaga klachi, nakuita,
nawe wanijibu krrr,
kama mtu aliyeamshwa siku ya mapumziko.

Usinidanganye kwamba hukusaga.
Mimi natengeneza piano, sikio ndilo jembe langu.
Nyuzi za piano, nyuzi za baridi, zote nazisoma,
na leo ni ishirini na sita chini ya sifuri.
Ndiyo, najua, gari la viti viwili, jekundu, Oulu, Januari.
Majirani wamekwisha kunicheka, wewe nyamaza.

Pekkala wa kaunta ya huduma alisema, "Ni kawaida."
Alilitamka neno kama anayeteremsha mlango wa duka.
Akanisukumia kijitabu cha waranti, ukurasa wa arobaini na tatu:
*oili ya kiwanda, au iliyoidhinishwa na kiwanda.*
"Miaka mitatu, Aune. Baada ya hapo mimina hata uji."

Jumamosi akaja binamu Rauno,
chupa mbili kwapani, rangi ya samli.
Rauno alishinda mbio za barafuni mwaka wa themanini na tisa
na hajamaliza kushinda tangu hapo.
"Hii itaingia kama kisu kwenye siagi."
Nikageuza chupa. Mgongoni, kwa herufi za kimo cha sisimizi:
daraja la tano.
Kijitabu kinataka la nne.
"Tano si zaidi ya nne?" akauliza,
na hesabu yake haikuwa na kosa.
Lakini nilikesha nikisoma, miwani puani:
ndani yako mna pete za shaba,
na salfa ya daraja la tano huipenda shaba
kama panya apendavyo sabuni.
Si zote, wanasema wengine.
Hao wengine ndio hawatalipia giaboksi.

Hata hivyo jeki ilikwisha kuinua.
Sufuria kuukuu chini ya tumbo la gari,
spana imeuma bolti,
ndipo mkono wangu ukamkumbuka Bi Lyyti Kemppainen.
Vigingi vya piano yake vilikuwa vikilia,
jirani akavidondoshea mafuta ya cherehani.
Kwa wema tu.
Tangu siku ile hakuna uzi ulioshika sauti hata wiki.
Nami, kwa kalamu yangu, nikaandika kwenye daftari lake:
*kazi hii siidhamini tena.*
Aliisoma amesimama, koti bado mwilini.
Hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikaiachia spana.
"Asiyesikia la kitabu," nikamwambia Rauno, "huvunjika giaboksi."
Hakucheka. Akamaliza kahawa yangu yote, akaondoka,
chupa akaziacha,
kama aachaye mwavuli apate sababu ya kurudi.

Jumatatu nilimuuliza Pekkala nilichosahau mwanzo:
*iliyoidhinishwa*, ni ipi hiyo?
Akafungua kompyuta, akakuna kidevu, akashuka, akashuka,
hadi mwisho kabisa wa orodha:
moja, nyepesi, ya nchi za theluji, daraja la nne.
Haipo dukani. Wiki tatu.
"Miaka saba kazini," akasema, "hakuna aliyewahi kuuliza."
Nikamwambia aandike jina langu, na risiti iwe na mhuri.

Basi tungoje, mimi na wewe.
Natoka ya kwanza naruka hadi ya tatu,
injini inanung'unika, naiomba radhi.
Chupa za Rauno ziko rafuni, nimezibandika tarehe:
Aprili, mwaka wa kesho kutwa, na alama ya kuuliza.

Kilomita ya kumi na mbili, karibu na kiwanda cha karatasi,
nakujaribu tena, kwa vidole viwili tu.
Unaingia.
Kimya, isipokuwa mlio mdogo wa chuma kikikubali,
chini kidogo ya *la*,
robo ya toni hivi,
naweza kuishi nayo.